Neno Moja la Abuna Bisenti

Mume wangu, Abuna Bisenti, ni padri wa Kikopti hapa Mallawi, Misri, ambako mapadri wetu huoa, na balaa lake ni kuandika riwaya. Katika hii ya karibuni mna mke anayemsikia mama mkwe wake mgonjwa akiomba maji, naye anajifanya amelala. Kukicha, bibi wa watu amekufa.

Kitabu hakijamaliza mwezi tangu kitoke, askofu akatuita.

"Kuna mama amelalamika kwa barua isiyo na jina," akasema. "Anasema dhambi hiyo aliitubu kwako, ukaitia kitabuni. Nijibu wewe, mkeo asikusemee: uliandika kwanza, au ulisikia kwanza?"

Aliandika kwanza! Mimi ndiye niliyempigia chapa, sura kwa sura. Lakini akisema hivyo amekiri kwamba baadaye alisikia, na ya kitubio hayasemwi. Askofu akasimama.

"Basi, mpaka utakapojibu, madhabahu usiiguse."

Nyumbani hakukalika. Yeye anatembea toka dirishani hadi jikoni, mimi nyuma yake.

"Neno moja, mwanamume wewe! Moja tu!"

"Neno hilo si langu."

"Haya, kesho nikupikie riwaya!"

Akapanda zake darini. Hapo mlango ukagongwa: Umm Bakhum, jirani wa mtaa wa pili, macho mekundu.

"Tasoni," akaniita, kama waitwavyo wake wa mapadri, "kitabu kiliandikwa lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Akakaa kizingitini. "Mimi nilitubu Kwaresima. Alijuaje, basi?"

"Hakujua, mama. Alibuni."

"Kwa hiyo hakuna mwingine aliyefanya kama mimi?"

Akalia. Nikamshika mkono, nikamwambia twende kwa askofu sasa hivi.

"Binti yangu anaposwa wiki hii, Tasoni. Wakisikia bibi yake alikufa na kiu, mimi nasikiliza, nani atamchukua? Usinitaje, nakuomba."

Akaondoka bila kungoja jibu. Nikauvuta mtandio wangu. Nilikuwa nimechemka, nilimchukia mwanamke yule, na posa ya bintiye, na machozi yake. Askofu hayuko mbali, na mimi sikuapa kiapo chochote cha upadri. Lakini nilisimama pale mlangoni, mkono kwenye komeo, nikashindwa kulifungua.

Abuna akateremka.

"Nani alikuja?"

"Jirani. Alitaka kuazima sufuria."

Akautazama mtandio mkononi mwangu, akanitazama na mimi.

"Ungefaa kuwa padri, wewe," akasema, nami nikaangua kilio.