Diski Iliyotolewa Mbele ya Wageni

Nyakerario alikuwa fundi wa kompyuta katika duka la Subhash mjini Kisii, na mwaka huo wa 1998 kazi yake kubwa ilikuwa kupuliza vumbi kwenye printa za watu. Siku alipotumwa kwenye hospitali ya misheni iliyo mlimani, mbele ya Sironga, alivaa viatu vyake vya kanisani.

Hospitali hiyo ilikuwa na seva mbili, zawadi ya wafadhili wa ng'ambo, zilizofungwa pamoja ili moja ikizimika nyingine ishike kazi. Rekodi za wagonjwa zilikaa katika kabati moja lenye diski sita, zilizochomekwa kama droo. Tano zilifanya kazi. Ya sita ilikaa tu kama akiba, ikingoja mojawapo iharibike. Sasa moja ilikuwa imeharibika kweli, inakwaruza kama panya ndani ya gunia.

Kazi ile ilifaa kufanywa Jumamosi, ofisi zikiwa kimya. Lakini hospitali ilikuwa ya Wasabato, na Bwana Obwocha, msimamizi wake, alisema Sabato haitavunjwa kwa ajili ya kipande cha chuma. Jumapili alikuwa na harusi. Hivyo diski ikapangiwa kutolewa Jumanne, mashine zikiendelea kufanya kazi na kliniki ya akina mama imefurika hadi nje.

Nyakerario hakuona ubaya, maana kabati lilitengenezwa kwa ajili hiyo hasa. Alimweleza Obwocha utaratibu. Kwanza unaiarifu mashine kwamba diski fulani inaondoka, kisha unangoja yaliyomo yanakiliwe kwenye ile ya akiba, jambo la saa tatu hivi. Yakiisha, ndipo unavuta. Ukiharakisha, halafu ukosee uvute diski nzima badala ya ile mbovu, rekodi zote zimekwenda.

Katika hayo yote, Obwocha alishika neno kuvuta. Alikuwa amealika watu waje kushuhudia: mwenyekiti wa bodi, Mzee Manasseh wa Kenyenya, pamoja na mchungaji na chifu. Saa tano walikuwa wamebanana katika chumba kile kidogo, na skrini ilionyesha kwamba kunakili kumefika asilimia themanini na nane.

"Mzee, bado," Nyakerario alimnong'oneza Obwocha. "Tungoje nusu saa."

Obwocha alimgusa bega kwa upole, akaanza hotuba. Maisha yake yote Nyakerario alikuwa hapendi hotuba ndefu, na hii aliiombea isiishe. Obwocha alianzia kwa wamisionari wa kwanza, akapitia ujenzi wa wodi ya wazazi, akawataja waliochanga mabati, mmoja mmoja na kijiji chake. Kisha mchungaji akaomba, akawakumbuka hata waliotengeneza diski popote walipo. Wengine walifumba macho. Nyakerario aliikodolea skrini macho. Tisini na sita. Tisini na tisa. Walipoitika Amina, ikafika mia.

Alishusha pumzi. Kabla hajainua kidole kuonyesha droo, Obwocha alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, akavuta yenye nambari tatu, kwa sababu skrini ilisema diski mbovu ni nambari tatu. Vibandiko vya nambari kwenye droo alivibandika Obwocha mwenyewe, akianza na moja. Mashine nayo huhesabu kuanzia sifuri. Diski mbovu ilikuwa bado ndani, kwenye droo ya nne. Aliyoinua Obwocha haikuwa na kasoro yoyote.

Kabati likapiga mlio mmoja. Upande wa pili wa dirisha, Nyamusi wa mapokezi aliitazama skrini yake, akaigonga kwa kidole, kisha akamwita mgonjwa anayefuata. Kwa kuwa kunakili kulikuwa kumekwisha, kabati liliweza kuvumilia kupoteza diski moja. Dakika mbili kabla ya hapo lisingeweza.

Wageni wakapiga makofi. Obwocha alimkabidhi Mzee Manasseh ile diski iwe kumbukumbu, na mzee akaipokea kwa mikono miwili.

Walipokwenda kula kuku, Nyakerario alichomeka kwenye droo tupu diski mpya aliyokuja nayo, akangoja saa tatu nyingine, akaitoa ile mbovu. Kisha akamweleza Obwocha ukweli, wakiwa wawili tu.

"Kuna mgonjwa amepotea?" Obwocha akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Basi tusimsumbue mwenyekiti."

Wiki mbili baadaye Mzee Manasseh aliingia dukani kwa Subhash na kifurushi cha gazeti. Mkewe alikuwa ameiweka diski kwenye kabati la vioo, kando ya picha za harusi, mpaka mjukuu mmoja alipoanza kukohoa.

"Binti yangu," alimwambia Nyakerario, "mama amesema kitu kilichotolewa hospitalini kwa ajili ya ugonjwa hakiwezi kukaa na watoto. Mnaweza kukichoma?"

Subhash, aliyekuwa ameambiwa kisa chote, aliinama akatafuta kalamu isiyopotea.

"Tutaishughulikia, Mzee," Nyakerario akajibu.

Mzee aliuliza pa kunawa mikono, akaonyeshwa bomba nyuma ya duka, na sabuni.

Jumanne iliyofuata Nyakerario alipanda tena mlimani, akaichomeka diski ile kwenye droo ya nne iwe akiba. Fomu ya kazi ilitiwa sahihi na Nyamusi. Bwana Obwocha hakuwapo. Alikuwa ameitwa Kisumu kuwafundisha wasimamizi wa hospitali nyingine namna ya kutoa diski bila kuzima mashine.