Jua Ukutani mwa Tembe

Msinihadithie majirani wema. Wema wao ndio uliommaliza mume wangu.

Manase alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Mgori. Tembe letu, nyumba ya udongo isiyo na madirisha, lilikuwa giza mchana kutwa, na wakati wengine wakilalamikia giza la matembe yao, yeye alilitumia. Aliweka kioo uani, akatoboa tundu dogo ukutani, na jua likatua kwenye ukuta wa ndani, duara la ukubwa wa kisahani. Juu yake akapitisha kipima mwanga cha wapiga picha. "Unaona, Dorkas? Katikati kali, ukingoni linafifia. Jua haling'ai sawa." Mimi nikamwambia ugali unapoa.

Kumbe chuo cha ualimu kilisikia. Mkufunzi wao, Bwana Leonidas, angekuja Ijumaa kujionea. Akiridhika, Manase anakwenda chuo kikuu. Ndizo siku zile za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, matembe yanabomolewa. Nilimpigia magoti balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Petro: shikamoo, tuachieni paa hadi Jumamosi tu. Akasema, "Mama Mwalimu, ondoa shaka."

Ijumaa nilikwenda kisimani, Manase akaenda kumpokea mgeni barabarani. Tukakutana njiani, tukarudi na mgeni, tukakuta majirani wanaimba. Paa lote chini! Boriti zimepangwa uani, hata moja haikuvunjika.

"Mwalimu!" Petro alikuwa akitiririka jasho, anacheka. "Mgambo wanachoma matembe leo jioni! Tungeacha boriti zako ziungue?"

Leonidas aliingia ndani. Mwanga ulikuwa umejaa nyumba nzima, lile duara halionekani. "Haya, jua lenyewe liko wapi?"

Manase alikigusisha kile kipima mwanga ukutani, huku, kule. Mshale haukusogea.

"Mbona sawa kote?" Leonidas akauliza.

"Mzee, nipe muda tuezeke hata kwa majani."

"Nina safari ya Manyoni." Akapanda Landrova yake, akaenda zake. Hakurudi, wala hakuna aliyetuita tena.

Wale majirani walikuwa bado wamesimama. Kwetu aliyekuokolea boriti humwachi aondoke na koo kavu, na mwenye nyumba lazima aseme neno. Manase aliinamisha kichwa. "Asanteni sana, ndugu zangu."

Nami nikawagawia togwa. Petro alimaliza yake, akanisogezea kibuyu aongezewe. Nikamwongezea.