Benchi Lenye Safari

Ukungu wa Mjimwema, Njombe, ulikuwa bado umekalia mapaa Ebeneza alipofungua stoo yake ya useremala na kukuta benchi lake la kazi limesimama mlangoni. Jana yake alikuwa amelisukuma hadi ukutani na kukaza breki za magurudumu yote kwa mkono wake mwenyewe.

Alilitengeneza lenye magurudumu kwa sababu stoo ilikuwa finyu: mchana alisukume nje penye mwanga, mvua ikija alirudishe ndani. Mbao zake zilitokana na msindano uliokuwa kichwani pa kaburi la mama yake, nyuma ya nyumba. Mti ule ulipoanza kulalia paa, yeye na kaka yake Danieli waliukata wakagawana mbao. Siku hiyohiyo waligombania mpaka wa shamba, na Danieli akarudi kwake Lyamkena, Makambako, bila kuaga. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Ebeneza alidhani sakafu imeinama. Akaweka pima maji. Kiputo kikatulia katikati. Akachomeka kabari chini ya kila gurudumu. Kulipokucha, benchi lilikuwa mlangoni tena, na kabari zimebaki kule ukutani kama alivyozipanga, hata moja haikupinduka.

Mkewe Hulda, mwanamke asiyependa maneno ya mizimu, aliliona mchana mweupe akiwa anaanika nguo. Alimsimulia mumewe kwa sauti ya chini, huku vidole vikicheza na pindo la kitenge.

"Halikuteleza, baba Noela," alisema. "Lilitembea kama mtu mwenye safari."

Ebeneza alipandwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyeogopa. Akalipindua benchi, akafungua skrubu, akang'oa magurudumu na kuyatupia kwenye ndoo. Asubuhi iliyofuata mlango wa stoo ulikataa kufunguka. Aliusukuma kwa bega mpaka akapata upenyo. Ndani kulinuka utomvu mbichi, ingawa mbao zile zilikuwa zimekauka siku nyingi. Benchi lilikuwa limeegemea mlango, na toka ukutani saruji ilikuwa imechubuka mistari iliyonyooka.

Aliifuata mistari ile kwa macho hadi nje: mlango ulitazama barabara ya Makambako. Kisha akampigia Danieli simu.

"Kamwene, kaka," alisalimia.

Danieli hakuuliza habari za nyumbani.

"Zile mbao nilitengenezea mlango wa mbele," alisema. "Haukubali kufungwa. Natia komeo, nikigeuka uko wazi."

"Huo mlango unatazama wapi?"

"Huko kwenu. Njombe."

Ebeneza alilirudishia benchi magurudumu. Jirani mwenye pikapu alimsaidia kulipakia na kulifunga kamba. Njia nzima ya kwenda Makambako hakuthubutu kutazama nyuma. Alipanga maneno ya kumwambia kaka yake, akayapangua, akayapanga upya.

Danieli alikuwa akiwasubiri nje, mvi zimemjaa. Walilishusha benchi barazani, wakakaza breki, jirani akaondoka. Maneno yote ya njiani yakamwishia Ebeneza. Danieli akamshika mkono, na hakuuachia.

"Umechelewa," alisema.

"Najua, kaka."

Nyuma yao magurudumu yakaanza kusaga saruji, polepole, yakiingia ndani. Hakuna aliyegeuka. Mlango wa mti uleule ukajifunga kwa utulivu, komeo likaingia mahali pake, na wao wakabaki nje kwenye upepo wa Makambako, mikono yao bado imeshikana, wakisikiliza.