Kura za Usingizini

Watu wa Cinder Bank hulala siku ya kupiga kura. Si kwamba wanachelewa kuamka. Saa moja asubuhi vituo vikifunguliwa, macho yao yanajifumba. Saa nne usiku vituo vikifungwa, wanaamka na kubandika maji ya chai. Aliyekuwa juu ya ngazi akisafisha madirisha hulala juu ya ngazi. Mbwa nao hulala. Dereva wa basi, ambaye anakaa kata nyingine, hupita polepole bila kupiga honi, na gari la taka siku hiyo hupelekwa mtaa wa pili.

Juu kidogo, Beacon Rise, kata ile ile, hakuna anayelala. Huko watu huenda kupiga kura na mbwa wao, kisha hurudi kumwagilia maua. Kwa hiyo diwani wa kata siku zote alitoka Beacon Rise, au alikuwa mtu anayependwa Beacon Rise, na hayo mawili ni kitu kimoja.

Mwaka ule diwani alijiuzulu akahamia Ureno, magoti yake yapate jua. Uchaguzi mdogo ukaitishwa. Thelma Ogden wa Cinder Bank, mpishi wa shule, akachukua fomu. Hakuwa na chama. Alikuwa na mdogo wake, Lenny, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, ambaye akili yake iliamua kutembea polepole tangu alipozaliwa. Kila asubuhi Lenny alikwenda Larkfield, nyumba ya mchana ya watu kama yeye. Alipanda vitunguu, alioka mkate, na alikuwa na mchumba anayeitwa Pauline. Baraza la mji lilitaka kuifunga Larkfield. Madiwani wa kufunga na madiwani wa kukataa walikuwa sawa kwa sawa, na kiti hiki kimoja ndicho kingeamua. Mgombea mwingine, Verity Lomax, alikuwa upande wa kufunga, ila yeye alisema "kupanga upya."

Wakala wa Thelma alikuwa Selwyn Gayle, dereva mstaafu aliyekaa ng'ambo ya mfereji, mahali ambapo usingizi ule haufiki. Yeye ndiye aliyetoa wazo la kura ya posta. Ukijaza nyumbani mapema na kuituma, Alhamisi lala utakavyo. Thelma akavaa kifuani ua la utepe, lile wanalovaa wagombea, na kuanza kugonga milango.

"Kura ya posta?" Bi Edna Crabtree alisema, mlango ameufungua nusu. "Hiyo ni ya watu wanaokwenda Uhispania."

"Bi Edna, Alhamisi utalala."

"Nani kasema? Mwanangu, tangu niolewe sijakosa kura hata moja. Mara ya mwisho nilisimama nyuma ya mama yako kwenye foleni."

"Mama alikuwa ameshafariki."

"Kwani nimesema alikuwa mzima? Nimesema alikuwa mbele yangu. Na koti lake zuri alilivaa."

Kwa Dougie Marsh, fundi matairi, mambo yalikuwa yale yale. "Nalala, sawa. Lakini nikilala naenda wapi? Naenda shuleni, nasimama foleni, napiga kura. Nikiamka vidole vina weusi wa penseli. Unataka nikufanyie nini zaidi, nikuimbie?" Akalitazama ua la utepe. "Na wewe tangu uvae kitu hicho unatembea kama farasi aliyeshinda kwenye maonyesho."

"Dougie, kura za ndotoni hazihesabiwi."

"Hilo si kosa langu. Mimi nimekwenda."

Mtaa mzima ulijibu hivyo. Walikubali kwamba wanalala. Hawakukubali kwamba hawaendi. Baba zao walikwenda kwa miguu na wao watakwenda kwa miguu. Thelma alijaza karatasi yake mwenyewe na kuituma. Lenny alikataa katakata.

"Sanduku, dada. Mimi nataka kutumbukiza sandukuni."

Jumatano jioni Thelma alikwenda kulala kwenye kochi la Selwyn, ili Alhamisi awe macho. Lenny hakutaka kwenda naye. Hajawahi kulala kwenye nyumba ya mtu. Asubuhi Thelma alikaa kwenye lango la shule, akawaona watu wa Beacon Rise wakiingia na kutoka. Walimsalimia vizuri. Adhuhuri uvumilivu ukamwishia.

"Nashuka kumchukua Lenny."

"Ukivuka daraja utalala," Selwyn alisema.

"Nitambeba begani."

"Lenny? Yule mtu ana kilo tisini."

Akavuka. Cinder Bank ilikuwa kimya kama chumba cha mtoto mchanga. Chupa za maziwa zilikuwa bado milangoni. Dougie alikuwa amelala ameegemea tairi la trekta, mdomo wazi. Nyumbani, Lenny alikuwa amelala mezani, amevaa suti aliyovaa harusini kwa binamu yao, tai imekaa sawa, viatu vinang'aa. Thelma akamshika chini ya makwapa, akavuta mara moja. Akaketi kidogo apumue. Hapo hapo naye akachukuliwa na usingizi.

Foleni ilianzia mlango wa shule, ikafuata mfereji, ikafika mpaka karakana ya matairi. Manyunyu yalikuwa yakianguka, hayamloweshi mtu. Bi Edna alikuwepo na mkoba wake. Mama yao alikuwa mbele, na koti ni lile zuri kweli. Mtu alikuwa akigawa biskuti. Walisukumana kidogo, wakataniana, wakaulizana habari za watoto, na hakuna aliyeondoka kwenye foleni. Thelma hakuwahi kuwaona wote pamoja, hata siku kiwanda cha pamba kilipofungwa. Alitaka kuwaambia warudi, waamke. Akaona hana moyo huo.

Lenny akapewa karatasi. Akaishika penseli iliyofungwa kwa uzi, akatoa ulimi nje kidogo, akaweka alama ya mkasi. Akaikunja mara nne, akaitumbukiza.

"Nimekuchagua wewe, dada."

"Usiseme, Lenny. Kura ni siri."

"Haya. Nimekuchagua kwa siri."

Kura zilihesabiwa Ijumaa asubuhi, kwenye ukumbi wa michezo wa baraza. Masanduku yalipokwisha kumwagwa mezani, karatasi za Cinder Bank nazo zikaanza kuingia kupitia matundu ya hewa darini. Zilishuka polepole, nyeupe, bila uzito. Wahesabuji wakafunika vikombe vyao vya chai kwa visosa, kama wanavyofanya kila uchaguzi, wakasubiri zitue. Kisha wakazipanga kwa mamia na kuziwekea stepla juu zisiondoke.

Bwana Pargeter, msimamizi wa uchaguzi, akawaita wagombea na mawakala waje kuzitazama kura zenye shaka. Sheria inamtaka afanye hivyo, naye alikuwa mtu wa sheria.

Selwyn akaokota moja iliyokunjwa mara nne. "Nia ya mpiga kura ikionekana wazi, kura inahesabiwa. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Tazama hii basi. Nia iko wazi kama mchana."

"Nia naiona, Bwana Gayle. Kila mara naiona." Pargeter aliiinua kuelekea dirishani, na mwanga ukapita. "Alama rasmi ndiyo siioni. Karatasi isiyo na alama yetu si kura."

"Sasa si muwapelekee alama huko huko!"

"Bajeti haina fungu la huko."

Verity Lomax alisoma karatasi mbili tatu, zote za Thelma. "Inasikitisha," alisema, na alimaanisha. Kisha akauliza kama wanaweza kuendelea, kwa sababu ana miadi.

Mihuri ya IMEKATALIWA ikapigwa. Wino ulipenya karatasi zile ukabaki mezani. Pargeter akapanda jukwaani akasoma: Lomax, mia sita na kumi na mbili. Ogden, sabini na moja. Zilizokataliwa kwa kukosa alama rasmi, elfu mbili mia tatu na arobaini. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Lomax akawashukuru polisi.

"Elfu mbili na ushee!" Bi Edna alisema kutoka viti vya nyuma. "Si nilikwambia tulikwenda?"

Thelma alikuwa ameinama. Alikuwa akimfunga Lenny kamba ya kiatu.

Mwezi wa sita baraza lilipiga kura, na Larkfield ikafungwa. Ilikuwa na watu thelathini na wanne. Tanuri la mkate liliuzwa. Bustani iliwekwa lami, magari yakapata nafasi tisa. Pauline alihamishiwa nyumba ya mji mwingine, mabasi mawili na treni moja, na Lenny hawezi kupanda peke yake. Thelma aliacha kazi ya jikoni shuleni ili akae naye. Jumanne anakuja mtu kutoka baraza kwa saa moja. Siku nyingine zote Lenny hukaa mezani, amevaa viatu, macho wazi.