Donge la Mama Poli

Vijana waliorudi kutoka vita vya Kagera walipokewa kwa vigelegele hadi Msimbazi. Polycarp hakuwamo. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyemwona hai. Mama yake, Evarista, alipofungua kinywa apige yowe, mumewe Augustino alimziba kwa kiganja.

"Usimchurie mtoto! Asiyezikwa haliliwi."

Evarista akalimeza yowe. Nalo halikushuka.

"Lipo hapa," akawa anasema, ameshika koo. "Donge."

Ugali haukupita, wali haukupita. Hospitali wakammulika kwa tochi, wakampiga picha, wakasema koo ni zima, wakampa dawa ya kusukutua.

Sokoni Kariakoo, walikouza nazi, jirani yao wa meza, Safari muuza vitunguu, alijaribu kumchangamsha.

"Shemeji, njoo nikukatie kitunguu kimoja tu, ulie bure! Nani atajua?"

Wachuuzi wakacheka. Evarista akatabasamu, kisha akasogeza kigoda chake mbali na vitunguu.

Augustino aliona. Aliona pia kanga ya mkewe, ilivyokuwa ikimzunguka na kubaki, kwa alivyokonda.

Jumapili, Blandina wa chumba cha pili alikuja na bakuli la uji, amekunja uso.

"Baba Poli, sukari hii nimeipangia foleni duka la ushirika mpaka miguu imevimba, na mkeo haimpiti. Huyu haumwi, ana kilio. Mfungulie, la sivyo tutalia misiba miwili."

Alipotoka, Augustino alilitoa jamvi la msiba, akalitandika uani, akavua viatu.

"Mama Poli, kaa hapa ulie. Mimi ndiye niliyekuziba. Mimi ndiye ninayekufungua."

Evarista alilitazama jamvi. Kisha akapiga magoti, akaanza kulikunja.

"Ulisema kweli, mume wangu. Nikilia, nimemzika. Hili donge ndilo ninalomshikilia nalo. Likitoka, naye ametoka."

"Utakufa, Evarista."

"Basi lete huo uji. Nitajaribu."

Augustino akaketi chini na bakuli, pale pale jamvi lilipokuwa, akauonja kwanza kama umepoa. Ulikuwa mtamu. Akataka kuumeza, ukakataa. Akajaribu tena, macho yamemtoka, mashavu yamejaa.

Evarista akamtazama. Polepole akanyoosha mkono, akaanza kumsugua mgongo, kama anavyosuguliwa mtoto aliyepaliwa.