Mkuu wa Wageni wa Basi

Basi lilipoiacha barabara kuu kuelekea kijijini kwao, Kereama alijua amejitia kitanzini mwenyewe. Chemchemi za moto za Rotorua, matope yanayotokota, harufu ya kiberiti iliyomkaa puani tangu utotoni, vyote alivishangaa kwa sauti kama wenzake wa mgodini waliokuja naye matembezi kutoka Australia. Kwao yeye ni Greg, baba yake Mtaliano. Uongo huo ulikuwa umemkaa vizuri miaka yote.

Aliomba moyoni kimoja tu, apite kijijini asitambulike. Mama yake alizikwa hapo mwaka juzi naye hakuja. Alisingizia kazi. Ukweli ni kwamba aliona haya kurudi mikono mitupu, kisha akaona haya kwa kutorudi.

Mlangoni pa uwanja wa kijiji, wageni wanapopokewa, mwongozaji alisema kila kundi huwa na mkuu wa kulisemea.

"Greg!" Darren akapaza sauti. "Si mnamwona sura? Anafanana nao kabisa!"

"Niacheni bwana, mambo hayo siyajui."

"Kwani nani anayajua? Nenda, usituangushe!"

Wakamsukuma mbele. Kijana mmoja aliyevaa kishujaa akaja na mkuki, ulimi nje, akaweka jani chini, desturi ya kumpima mgeni kama amekuja kwa amani. Watalii huliokota wakichekacheka. Kereama mwili ulimsaliti. Alipiga goti akalichukua bila kumwondolea shujaa macho, akarudi kinyumenyume, vile vile alivyofundishwa na babu yake uwanjani hapo hapo.

Barazani, bibi aliyekuwa akiwaita wageni akanyamaza katikati ya mwito. Alikuwa Ngāhuia, dada mkubwa wa mama yake. Alipoanza tena kwa lugha ya kwao, sauti ilikuwa ya msiba, ikimwita marehemu mdogo wake. Hinerau, Hinerau, mwanao amefika! Wanawake wenzake wakaangua kilio, maana kwao aliyekosa mazishi husubiriwa, na siku akikanyaga uwanja, marehemu huliliwa upya pamoja naye.

Darren akainua simu kupiga picha. "Wanaigiza vizuri, ee?"

Kereama alitamani ardhi ipasuke immeze. Ngāhuia akamjia, akamsalimu kikwao, pua kwa pua, wala hakumwachia upesi.

"Mama mkubwa," akanong'ona, "wenzangu hawajui."

Bibi akawatazama wale wenye simu, akafuta machozi kwa ncha ya shali. "Haya, mwanangu. Tutasema ni maonyesho."

Akawageukia wageni akitabasamu. "Mkuu wenu hodari huyu! Analia kama mwenyeji!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Afadhali angemzaba kibao. Bibi wa watu ameugeuza mzaha msiba wa mdogo wake ili yeye abaki Greg.

Ikawa zamu yake kujibu. Mwongozaji akampa kikaratasi cha kusoma, asikisome. Lugha ya kwao ilikwishamtoka, akasema kwa Kiingereza.

"Mimi ni Kereama. Hinerau ni mama yangu. Sikuja kumzika."

"Greg, unasema nini wewe?" Darren akauliza.

Desturi ya pale, msemaji akimaliza, watu wake husimama nyuma yake wakaimba kuyatia nguvu maneno yake. Wenzake walibaki vitini wakitazamana. Ndipo Ngāhuia akauacha upande wa wenyeji, akavuka uwanja, akasimama nyuma yake na kuimba peke yake. Kereama, ambaye hakuukumbuka wimbo hata neno moja, aliinamisha kichwa mpaka ukaisha.