Sinia la Gari la Harusi

Dhahabu alikuwa amelisugua lile sinia kwa majivu na ndimu hata ukiliinamia unajiona meno. Tatizo ni kwamba halikuwa sinia. Lilikuwa sampu, bakuli pana la chuma linaloshika oili chini ya giaboksi, na lilikuwa mali ya gari refu la Kimarekani la Mzee Boga, gari pekee katika mtaa mzima wa Bofu lililokuwa likijibadilishia gia lenyewe.

Mumewe, Fundi Rashid, alikuwa na ugomvi wa zamani na sampu hiyo. Haikuwa na boliti ya kumwagia oili. Kila oili ilipotakiwa kubadilishwa, ilimbidi alale chini ya gari, afungue sampu nzima, na oili nyekundu imshukie kifuani. Akirudi nyumbani, majirani walimuuliza amechinja nini. Basi safari hii akaapa kwamba Uhuru hautamkuta akiogeshwa oili. Akaitoboa sampu, akachomelea nati kwenye tundu, akatia boliti ya kuzibia, kisha akamletea mkewe aisafishe masizi.

"Isibaki hata punje ya mchanga," alimwambia. "Alasiri gari linampeleka bibi harusi kivukoni. Mzee Boga ndiye ami yake, na ameshawatangazia watu mpaka Mtongwe."

Dhahabu akaisafisha, akaianika uchanjani pamoja na vyombo vyake, akaenda kisimani. Aliporudi, uchanja ulikuwa mtupu. Wanawake wa harusini walikuwa wamepita kuazima vyombo, kama alivyowaambia mwenyewe jana yake: mkivikuta vimekauka chukueni, msinisubiri.

Akakimbia mpaka kwenye shughuli, mkono mmoja umelishika buibui. Nyuma ya nyumba, katikati ya moshi, aliiona sampu mapajani pa Bi Mwanarehema, mpishi mkuu, ambaye hata wanaume walimwomba ruhusa ya kuonja. Alikuwa akioshea mchele. Alitia maji, akakoroga, akaukinga mchele kwa kiganja, akafungua boliti. Maji yakatoka shaa, mchele ukabaki. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Shikamoo, Bi Mwanarehema."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone! Nimepika harusi tangu wewe hujazaliwa, sijapata kuona chombo chenye akili namna hii. Na haya matundu ya ukingoni, tazama pambo!"

"Ni... ni changu, bibi. Nakiomba."

"Chako? Alama yako iko wapi?"

Kila nyumba ilitia alama yake nyuma ya vyombo, ili vikichanganyika shughulini vijulikane. Ya Dhahabu ilikuwa doa la rangi ya kijani. Sampu haikuwa na kitu.

"Basi hakina mwenyewe," Bi Mwanarehema akahukumu, akatia mchele mwingine.

Dhahabu alikuwa mtu wa kusema chini chini. Lakini alimwona Rashid akilini, amekaa kando ya gari lililopandishwa juu ya mawe, na jina lake la ufundi likizikwa leo hii. Ikamtoka sauti ambayo hata yeye hakuijua.

"Bibi, hicho ni cha gari la Mzee Boga! Bila hicho, bibi harusi atakwenda kivukoni kwa miguu!"

Mmoja wao akauliza, "Gari lina sinia? Linakula nini?" Wakacheka mpaka mwingine akakalia vitunguu.

Bi Mwanarehema hakucheka. Aliitazama sampu kama mtu anayeagana na mwanawe.

"Mumeo atanitilia boliti kama hii kwenye sinia langu kubwa?"

"Atakutilia."

"Lini?"

"Kesho, inshallah."

"Hiyo inshallah iwe ya kweli, si ya mafundi."

Dhahabu akanyoosha mikono. Bi Mwanarehema akairudisha sampu nyuma. "We mtoto! Nikurudishie chombo kitupu, kesho nisemwe?" Akapakua pilau ya chungu cha kwanza, akaijaza sampu mpaka ukingoni, na vipande vya nyama juu.

Dhahabu alimkuta Mzee Boga amesimama kando ya gari na kanzu yake nyeupe, akimsema Rashid na ukoo wake wote. Rashid akaifunua kanga iliyofunika sampu.

"Mke wangu, nini hii?"

"Pilau."

"Naona ni pilau. Nauliza inafanya nini ndani ya giaboksi."

Kabla Dhahabu hajajibu, harufu ilimfikia Mzee Boga. Akakunja mikono ya kanzu, akachuchumaa.

"Huwezi kuifunga ikiwa na kitu ndani," alimwambia Rashid. "Keti tukusaidie."

Walikula upesi. Rashid akaiosha sampu kwa sabuni, akaipitishia petroli, akaikausha, akaifunga na kutia oili mpya, huku akinung'unika kwamba gari litatoa moshi wa bizari.

Lilifika mlangoni pa bibi harusi alasiri ikiyoyoma, halidondoshi hata tone. Bibi harusi akaingizwa kwa vigelegele. Bi Mwanarehema akatoka jikoni na upawa mkononi, akapiga magoti mbele ya watu wote, akachungulia chini ya gari. Kisha akainuka, akagonga kioo.

"Nenda salama, mwanangu," akasema. "Na dereva mwambie aende polepole. Asinikwaruzie sinia."